Oili ya Mashine ya Machibya

Mume wangu Isidori hakuwa fundi na hakuwahi kujiita fundi. Alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kukoboa mpunga pale Kakese, mashine ya mzee Machibya, na kazi ile aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Nilikuwa namwambia hivyo mbele ya watu, naye anacheka bila kukataa. Asubuhi aliondoka kabla ya chai. Akifika anaifuta injini kwa kitambaa, anafungua kifuniko cha oili chenye kijiti cha kupimia, anakitazama kile kijiti, anafunga, ndipo anazungusha hendeli. Ilikuwa injini ya dizeli, ya silinda moja, imefungwa kwenye sakafu ya saruji chini ya banda la mabati, na mkanda mrefu ukitoka kwake kwenda kuzungusha kinu. Ikishawaka, hata sisi tuliokuwa ng'ambo ya majaruba ya mpunga tulijua Isidori ameanza kazi.

Machibya ni Msukuma. Alikuja huku na ng'ombe wake zamani, akapata shamba, akabaki. Alipouza sehemu ya kundi akanunua mashine, ndugu zake walimcheka wakisema mashine haizai. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema ili msije mkadhani nataka kuwapa habari za tajiri mbaya na maskini mwema, maana hizo mmezizoea na hazisaidii kitu. Alimwita Isidori mdogo wangu, mimi aliniita shemeji, na nilipojifungua Laurence alituletea maziwa kila asubuhi mpaka mwenyewe nikamwambia yanatosha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kila kitu duniani alikipima kwa ng'ombe.

Msimu wa mavuno pale bandani pumba zinaruka mpaka huoni aliyesimama mbele yako. Injini ina chujio la hewa, kibakuli cha bati kilichokaa pale inapovutia pumzi, na chujio lile lilikuwa linaziba kwa pumba. Isidori alilazimika kuzima mashine, kulikung'uta, kuliosha kwa dizeli na kulirudisha, huku wateja wamekaa juu ya magunia yao wakinung'unika. Siku moja Machibya alikuja akakuta mashine imezimwa na watu wamejaa. Alilitazama lile chujio, akasema ng'ombe wa kulima hafungwi pua. Akalivua kwa mkono wake, akalisukumiza juu kwenye boriti. Mashine ilipowashwa ilivuma kwa nguvu mpya na watu wakafurahi. Isidori naye akafurahi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia chujio lina kazi gani, na kwa macho yake aliona mashine imepona.

Msimu uliofuata ndipo oili ilipoanza kupungua.

Mwanzoni ilikuwa kidogo. Isidori anachomoa kijiti anakuta alama imeshuka, anamwambia Machibya, Machibya anatuma oili kutoka mjini Mpanda, inaongezwa. Baadaye ikawa kila mara. Isidori alichungulia chini ya injini akaona saruji kavu. Alipapasa bomba na boliti zote, akaona hakuna tone. Moshi ulikuwa mwingi kuliko zamani, tena wenye rangi ya bluu bluu, lakini nani anahoji moshi wa mashine? Tuliona moshi tukasema mashine inafanya kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nauangalia kutoka shambani nikajisifu kwamba mume wangu yuko kazini.

Machibya akaanza kuuliza. Hakumtuhumu mtu, aliuliza tu, na swali lake lilikuwa lile lile: oili haimwagiki chini, basi inaenda wapi? Mfugaji akikuta kiwele kimelegea asubuhi na ndama amefungwa mbali, hafikirii kwamba ng'ombe amekunywa maziwa yake mwenyewe. Anafikiria kuna mtu amekamua. Isidori alilielewa swali lile vizuri kabisa, na likamnyima usingizi.

Sasa sikilizeni ujinga ambao mwanamume mwaminifu anaweza kuufanya. Alianza kununua oili kwa hela yake. Dereva mmoja wa bodaboda alimshauri anunue ile nzito zaidi, akasema oili nzito haipotei ovyo. Ni kweli, moshi ulipungua kwa muda, kisha ukarudi ule ule. Isidori akaendelea kuongeza kimya kimya alfajiri, kabla wateja hawajafika, ili Machibya akija kupima akute alama iko juu na swali life. Hata mimi hakuniambia. Mimi niliona tu sukari haiji nyumbani, nikadhani ana mwanamke. Natamani angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza.

Aliyemkuta ni Nyanzala, mke wa Machibya, aliyefika mapema alfajiri moja na mpunga wake mwenyewe ili asipange foleni. Akamwona Isidori amechuchumaa nyuma ya injini na kidumu cha oili mkononi. Isidori alishtuka, akakisukuma kile kidumu nyuma ya gunia. Kama angesimama nacho na kusalimia, pengine leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alikificha, na mtu akishaficha kitu, maneno yake yote yanayofuata huwa na harufu.

"Naongeza, mama," alimwambia. "Sipunguzi. Naongeza."

Tuliitwa nyumbani kwa Machibya mchana ule. Isidori alieleza yote, oili nzito, bodaboda, alfajiri, mpaka nikaona haya kwa kumdhania vingine. Machibya alisikiliza kichwa kikiwa chini. Hakufoka. Aliuliza ni wapi aliwahi kusikia kibarua anamnunulia tajiri wake oili. Nikadakia kwamba amesikia leo, kwangu, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwaletea maziwa watu ambao hawakuwa ndugu zake, kwa hiyo asijifanye hajui kuna watu wa namna hiyo. Akasema shemeji ana mdomo, lakini amesema neno. Ndipo akaleta wazo lake.

Wasukuma wanapotaka kumwachisha ndama, wanapaka mavi ya ng'ombe kwenye chuchu za mama yake. Ndama anakataa kunyonya, na kama kuna mkono wa mtu umepita pale, wenye ng'ombe wanauona, maana mavi yakishakauka hayawezi kuguswa bila kupasuka. Machibya akasema atafanya vivyo hivyo. Atajaza oili mwenyewe mbele ya watu, afunge kifuniko, akipake mavi, apake na boliti ya chini ya kumwagia, na hakuna atakayegusa mpaka siku ya mnada.

"Mavi yakipasuka, nitajua kuna mkono," alisema. "Yakibaki mazima na oili imepungua, basi mdogo wangu hana kosa, mashine yenyewe ndiyo mwizi."

Isidori alimshika mkono kwa mikono miwili akamshukuru. Njiani kurudi nyumbani alikuwa anatembea mbele yangu kama kijana. Siku zile alifanya kazi akiimba nyimbo za kwaya, na jioni akirudi ananisimulia jinsi mavi yalivyokauka vizuri bila ufa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa kesho yake itakuwa nzuri. Nami nilifurahi. Tulikuwa tunangoja jambo moja tu, jina lake lirudi safi, na tuliona limeshakaribia.

Siku ya mnada watu walijaa bandani, wengine hata mpunga hawakuwa nao. Machibya aliinama akayachunguza mavi ya kifuniko, akawaita wazee wawili nao wakachunguza. Yalikuwa mazima, hata alama ya dole gumba lake ilionekana. Ya chini pia. Akayabandua, akafungua kifuniko, akachomoa kijiti. Kilitoka kikavu, kimelowa kidogo tu nchani.

Nilipiga kigelegele. Nilipiga peke yangu, na katikati yake nikagundua kwamba hakuna anayenifuata.

Nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, taratibu tu, kama mtu anayejisemea: "Basi huyu hachukui kwa mkono."

Mnajua neno lililofuata, kwa sababu sote tumekua nalo. Chuma ulete. Dawa ya kuvuta mali ya mwenzako bila kuigusa. Lilipita kutoka mdomo hadi mdomo, na wanawake waliokuwa karibu na Isidori wakaanza kuvuta magunia yao kuelekea kwao, polepole, kwa adabu, kama vile wanapisha njia. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele ya wengi, mchana kweupe.

Nilimtazama Machibya. Alikuwa amesimama na kile kijiti mkononi. Alikuwa amesema mwenyewe, mbele yetu, kwamba mavi yakibaki mazima mwizi ni mashine. Ilikuwa kazi yake kulirudia tu neno lake. Alimtazama Isidori, akatazama kijiti, akafungua mdomo, akaufunga. Nami namjua Machibya, hakuwa na chuki. Alikuwa ameogopa kama wengine.

Baada ya hapo hakuna aliyetufukuza. Machibya hata kazi hakumwachisha. Ila wateja walianza kuja na watu wao wa kumimina mpunga kwenye kinu ili Isidori asiguse, na mchele ukitoka pungufu, kama mchele unavyotoka pungufu tangu dunia iumbwe, wanatazamana. Kwenye jumuiya yetu Isidori ndiye alikuwa anapitisha kikapu cha sadaka. Wakamwambia apumzike kidogo, wengine nao wajifunze. Akapumzika. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa lisemwalo lipo, kama halipo laja, na aliyeniambia ni mwanamke niliyemkalia arobaini ya mama yake. Siku Laurence alipokataa kwenda kisimani kwa sababu ya maneno ya wenzake, nilifunga vyombo. Kaka yangu ana shamba kule Kabungu, akatupa kipande. Tuliondoka Kakese bila kuaga, na Isidori hakuitazama hata ile mashine tulipopita.

Mashine iliendelea na mwendeshaji mwingine. Oili nayo iliendelea kupungua. Ungedhani hapo watu wangejiuliza, Isidori hayupo na bado inapungua. Hawakujiuliza. Walisema huyo sasa anavuta kutoka Kabungu, na wengine wakasifia kwamba dawa yake ni kali.

Mwisho injini ikagoma. Ikawa haina nguvu, inahema moshi hata pale isipopaswa kuhema, na asubuhi moja haikuwaka kabisa. Machibya akamleta fundi kutoka mjini, mtu anaitwa Didace. Haya nayajua kwa sababu Machibya mwenyewe alikuja Kabungu kunisimulia, na hakujificha hata sehemu moja.

Alikuja kwa pikipiki, amekaa nyuma ya dereva, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa naanika mihogo. Sikumkaribisha. Nilimwacha asimame juani mpaka Isidori alipotoka ndani akamletea kigoda, maana Isidori ni Isidori. Machibya alikataa kigoda, akakaa chini kwenye udongo, mzee mzima, akafungua leso. Ndani kulikuwa na vipande vya chuma vya mviringo, vyembamba, vimeng'aa kwa kuliwa.

Alisema Didace aliifungua injini yote, akamwonyesha pistoni inavyopanda na kushuka ndani ya silinda. Pistoni imevaa ringi kama hizi, na kazi yake mojawapo ni kuikwangua oili kwenye ukuta wa silinda irudi chini, isipande kwenye moto. Ringi zikiisha, na ukuta ukiisha, oili inapanda, inaungua pamoja na dizeli, inatoka kwa bomba ikiwa moshi wa bluu. Didace alimwambia oili haikuwa imepotea hata siku moja. Ilikuwa inaondoka juu ya vichwa vyao, kila mtu akiiona. Akamwambia na kuongeza oili nzito ni kumfunika mgonjwa blanketi, anatulia kidogo ila ugonjwa uko pale pale. Dawa ni kubadili ringi na slivu, yaani ule ukuta wa ndani ya silinda.

"Nikamuuliza, imeisha kwa nini na mashine si kuukuu?" Machibya alisema. "Akaniuliza chujio la hewa liko wapi."

Alisema walilikuta juu ya boriti, nyigu wamejenga ndani. Vumbi la pumba lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye silinda misimu yote hiyo, linasaga chuma kama msasa. Didace akauliza kwa hasira ni mjinga gani aliyelitoa.

"Nikamwambia ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa na matusi yangu niliyoyatunza tangu Kakese, mengine mazuri sana, na yote yakanikwama. Machibya hakumtazama tena mwingine isipokuwa Isidori.

"Mdogo wangu, mashine imepona kwa mchana mmoja. Ringi mpya, slivu mpya, chujio limerudi mahali pake, na kijiti leo kinatoka na alama ile ile. Nimesimama siku ya mnada nikawaeleza watu wote, nikawaonyesha hivi vyuma. Lakini siku ile tulipobandua mavi nilikuwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe nilikuwa nimeshalisema kwa kinywa changu. Nikaliogopa. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuomba urudi."

Isidori alichukua ringi moja. Aliigeuza, akapitisha kidole pale ilipolika, akaiinua kwenye mwanga kama alivyokuwa akiinua kijiti cha oili zamani. Niliona uso wake, nikafikiri, sasa. Sasa lile doa linamtoka. Nilianza kulia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wageni.

"Asante, mzee," alisema. "Asante sana kwa kuja."

Aliirudisha ringi kwenye leso, taratibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Sasa mbona na huku vinapungua?"

Machibya hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Isidori akaeleza, bila haraka, akitazama chini. Unga kwenye debe unapungua. Chumvi inapungua. Maji ya mtungi anayaacha yamejaa jioni, asubuhi yameshuka. Vifaranga vya kuku wa kaka yangu vilikuwa vingi tulipofika. Amekuwa akifuatilia, alisema, tangu tumefika Kabungu, na kila anapokaa karibu vitu vinapungua, na huku hakuna mashine.

Ndipo nikayaona yote niliyokuwa nayaona bila kuyaona. Kwa nini ananiambia mimi nichote unga. Kwa nini jirani alipomwomba amshikie mbegu alisema mikono yake michafu, wakati ametoka kuoga. Kwa nini hajambeba mtoto mchanga wa kaka yangu hata mara moja, yeye aliyekuwa anagombea watoto. Nilidhani ni huzuni. Nilidhani huzuni huisha yenyewe, kama homa, nikamwacha nayo.

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika magoti. Nikamwambia, Baba Laurence, unga unapungua kwa sababu tunaula. Maji tunayanywa. Vifaranga vinachukuliwa na mwewe, kila mtu anamwona huyo mwewe. Kila nyumba vitu vinapungua, hata kwa paroko vinapungua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa kukubali, kwa upole, kama unavyomkubalia mtu anayekufariji kwenye msiba.

Machibya alikuwa analia waziwazi. Alisema ataniletea ng'ombe wa maziwa, akasema atakuja tena, akasema mengi kwa Kisukuma ambayo sikuyajua. Dereva wa pikipiki alikuwa amewasha anamngoja. Machibya akainuka, akajikung'uta udongo, akamnyooshea Isidori mkono wa kuagana.

Isidori alimtazama kwa upendo, naapa ulikuwa upendo, akarudi hatua nyuma na kuficha mikono yake mgongoni.

"Hapana, mzee," alisema. "Una safari."